Siku ambayo baba hakunywa

Kwaresima iliyopita, kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo hapa Moshi, mama mmoja aliomba tumwombee. Mumewe alikuwa amepeleka ndama mnadani asubuhi, ndama aliyetunzwa mwaka mzima kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto, na aliporudi usiku mfukoni hamkuwa na kitu. Nilimshika bega nikamwambia pole mwenzangu, ninakuelewa. Akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akanitazama kwa upole, akasema: "Mama Neema, wewe ni mzungu. Utanielewaje?"

Wenzetu wakaguna kukubaliana naye. Sikuwalaumu. Niko Tanzania tangu 1983, nimeolewa hapa, nimezaa na kulea hapa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumweleza mtu mambo ya kwetu isipokuwa mume wangu. Niliwaacha watu waamini kwamba ninakotoka watoto wote hulala wameshiba. Usiku ule usingizi haukuja. Niliona kunyamaza kwangu kumegeuka uongo, tena uongo ule ule niliofundishwa nikiwa na miaka mitano: mtu akibisha hodi, sema baba anaumwa.

Nilizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, mwaka 1957, mtoto wa tatu kati ya saba. Tulikaa chumba kimoja ndani ya jumba la kale lililojengewa matajiri wa karne ya 18, ambalo baadaye lilikatwakatwa na kupangishwa maskini. Familia nane, choo kimoja uani, bomba moja la maji. Juni 1963 majumba mawili ya aina hiyo yaliporomoka: moja Bolton Street, na siku chache baadaye jingine Fenian Street. Watu wanne walikufa, wawili wao watoto wa kike waliokuwa wakipita barabarani. Baada ya hapo manispaa ilihamisha watu haraka, nasi tukapata nyumba ya vyumba viwili yenye choo ndani. Mama aliuosha mlango wa kile choo kila siku kama altare.

Baba alikuwa kuli bandarini. Enzi hizo makuli wa Dublin hawakuwa na ajira ya kudumu. Kila asubuhi walikusanyika mbele ya mnyapara, naye akapanda mahali pa juu na kusoma majina ya watakaopakua meli siku hiyo. Usipoitwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Malipo yalikuwa taslimu, na mara nyingi yalitolewa ndani ya baa, ingawa sheria ya tangu 1883 ilikataza kumlipa kibarua mahali panapouzwa pombe. Aliyemnunulia mnyapara bia alikumbukwa kesho yake. Kwa hiyo hata asiyependa pombe ilimbidi anywe ili apate kazi, na baba yangu aliipenda.

Ijumaa jioni mama alinituma mimi. Mwanamke kuingia baa ya makuli ilikuwa aibu kwake na kwa mumewe, lakini mtoto wa miaka saba mwenye koti lililofungwa kwa pini hakuna aliyemfukuza. Nilifundishwa maneno ya kusema: "Baba, mama anasema mtoto hana maziwa." Nisitaje pesa. Nikitaja pesa mbele ya wenzake ataona haya, na akiona haya atakaa mpaka wafunge.

Ndani kulikuwa na joto. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, joto, na harufu ya tumbaku, na makoti ya sufu yaliyolowa mvua, na bia nyeusi. Wenzake walinichangamkia. Mmoja alinipa biskuti, mwingine senti. Baba alinipakata akawaambia, huyu ndiye mwenye akili kuliko wote nyumbani. Nilifurahi kusifiwa hata nikasahau maziwa. Imenichukua miaka mingi kuweza kulisema hili: kule baa nilimpenda baba zaidi kuliko nilivyompenda nyumbani. Kule alikuwa mcheshi, mwimbaji, mkarimu. Nyumbani yalifika mabaki.

Siku nyingine nilirudi na shilingi kumi. Siku nyingine nilirudi na biskuti.

Mama alikuwa na hesabu zake. Jumatatu suti ya baba ilikwenda kwenye duka la rehani, tukala kwa pesa ile. Jumamosi ilikombolewa ili Jumapili avae Misa. Pete yake ya ndoa ilipita njia hiyo hiyo mara nyingi, mpaka safari moja haikurudi. Tulikula mkate uliopakwa mafuta yaliyoganda ya nyama, na viazi, na mkate uliolowekwa kwenye maziwa ya moto yenye sukari maziwa yalipokuwepo. Wazee wawili wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo walikuja jioni moja kila wiki na hati ya makaa ya mawe. Walivua kofia mlangoni. Nawakumbuka kwa ajili ya kuvua kofia kuliko kwa ajili ya makaa.

Kuhusu njaa nitaishia hapo, maana njaa wasomaji wengi wanaijua. Lililokuwa gumu zaidi ni kutojua. Mtoto wa maskini ambaye baba yake hanywi anajua leo hakuna kitu, anajipanga. Sisi hatukujua. Ingeweza kuwa leo kuna nyama, ingeweza kuwa leo meza inapinduliwa. Tulijifunza kusoma hatua zake ngazini kabla hajafika. Hatua nzito zinazofuatana: amechoka tu, wekeni chai. Hatua inayokwama, kisha mbili za haraka: wadogo waingie chini ya vitanda. Zipo usiku ambazo sitazisimulia hapa kwa sababu wadogo zangu wapo hai na usiku huo ni wao pia.

Majirani walisema, "Ni mtu mzuri sana, ila pombe tu." Hapa Moshi nimelisikia neno hilo hilo kwa Kiswahili zaidi ya mara mia, na kila ninapolisikia tumbo linajikunja. Neno lile lilimfunika baba. Sisi lilituacha nje kwenye baridi. Likishasemwa, hakuna anayeuliza watoto wamekula nini.

Ukutani mama alikuwa na picha ya Matt Talbot. Huyu alikuwa kibarua wa Dublin, mlevi tangu utotoni, aliyeacha pombe mwaka 1884 akiwa na miaka 28 na hakunywa tena hadi alipoanguka na kufa barabarani akielekea Misa mwaka 1925. Karibu kila mwanamke wa ngazi yetu alisali kwake. Nami nilisali kwake, na bado namheshimu. Lakini nilipokuwa mtu mzima niligundua jambo ambalo hakuna padre aliyenigusia: Talbot hakuoa. Hakukuwa na mtoto aliyesimama mlangoni pake akisubiri kuona kama sala imejibiwa wiki hii au bado.

Sasa nije kwenye Ijumaa Kuu.

Sheria ya Ayalandi ya mwaka 1927 ilifunga baa zote Ijumaa Kuu na Krismasi. Sheria hiyo hiyo iliziamuru baa za Dublin zifunge kwa muda wa saa moja alasiri ya siku za kazi, kuanzia saa nane na nusu, na watu wakaiita saa takatifu. Mama aliitumia kumngojea baba nje kabla hajapata mahali pengine. Krismasi haikutusaidia sana, maana pombe ilikuwa imeshaingia nyumbani kama zawadi. Lakini Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya mfungo, hakuna anayetembeleana, mji mzima kimya. Baba alikaa nyumbani.

Nilikuwa mtoto wa Kikatoliki, nilijua siku ile ni ya huzuni, kwamba Bwana wetu aliteswa na kufa. Nami niliingojea kuliko Krismasi. Nilimwambia padre kwenye kitubio kwamba naipenda Ijumaa Kuu, nikidhani ni dhambi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu baba yupo. Hakunipa malipizi yoyote.

Asubuhi baba alimenya viazi. Alivimenya kwa kisu kidogo cha kazini, ganda jembamba moja refu lisilokatika, nasi tulishindana kulivaa shingoni. Saa tisa tulikwenda kanisani kwenye ibada. Baadaye akatuchukua sote, mdogo kabisa akimbeba mabegani, tukatembea hadi kwenye ule ukuta wa mawe unaokata bahari mpaka mnara mwekundu wa taa wa Poolbeg. Upepo wa Machi kule hukata masikio. Alituonyesha meli zilizotia nanga, akatueleza ipi imebeba nafaka na ipi imebeba mbao, na jinsi unavyoweza kujua uzito wa shehena kwa kuangalia maji yamefika wapi ubavuni mwa meli. Alijua mambo mengi. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni baridi. Wakati mwingine niliona jasho kwenye paji lake, katika upepo ule, nikadhani anamhuzunikia Yesu.

Haikuwa hivyo kila mwaka. Mwaka 1968 alinunua chupa Alhamisi Kuu akazificha chini ya kitanda. Mama alizikuta. Hakuzimwaga, alizipanga mezani moja moja, akatuvalisha makoti, akatutoa wote saba. Tulikaa kanisani mpaka sakristani alipokuja kufunga. Tuliporudi zote zilikuwa tupu.

Mwaka 1975 nilivuka kwenda London kusomea uuguzi, kwa sababu kule mwanafunzi alilipwa mshahara mdogo na kupewa mahali pa kulala. Mwaka wa pili niliwekwa kumwangalia mzee aliyelazwa kwa mguu uliovunjika. Siku ya kwanza alitania kila mtu. Siku ya pili mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akawa anavuta shuka akisema kuna wadudu. Muuguzi mkuu wa wodi hakumwuliza mgonjwa. Alimwuliza mkewe, anakunywa kiasi gani kwa siku? Kisha akatueleza sisi wanafunzi kwamba mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatiwa ghafla, hupata ile hali ambayo vijana wa hapa wanaiita arosto, na kwamba ikizidi mtu huweweseka, hupata degedege, na anaweza kufa.

Nilikwenda stoo ya shuka nikafunga mlango. Kumbe ile siku ya pekee niliyoipenda ndiyo siku ambayo mwili wa baba ulikuwa unateseka kuliko siku zote. Na bado alimenya viazi. Na bado alitutembeza. Hakuwahi kutuambia.

Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo. Halikufuta usiku zile. Lakini tangu siku ile sijaweza kumchukia.

Baba alikufa mwaka 1981, akiwa na miaka 54, akitapika damu. Makontena yalikuwa yameshaingia bandarini, kazi ya mikono imekwisha, na makuli wengi wa rika lake walibaki na muda mwingi na baa zilezile. Hakuacha pombe. Mama alisali miaka 30, hakuacha. Tulilia, tuliahidi kuwa watoto wema, tulificha viatu vyake, hakuacha. Nawaambia hivi wanawake wanaonifuata kliniki na wanangoja mume abadilike ndipo watoto waanze kuishi: mume anaweza asibadilike kamwe. Sisi hatukuokolewa na kubadilika kwa baba. Tuliokolewa na mambo mawili, na yote mawili yalitoka nje ya nyumba yetu.

La kwanza ni shule. Dada yangu mkubwa alitoka shuleni akiwa na miaka 14, umri ulioruhusiwa wakati ule, akaenda kushona kiwandani ili tule. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi. Mwaka ule ule wa 1967 ndipo sekondari ilipoanza kuwa bure, baada ya waziri wa elimu, Donogh O'Malley, kuitangaza Septemba 1966. Kwake ilichelewa, kwangu ikawahi. Mshahara wake ndio ulionivalisha sare. Hatujawahi kuongea juu ya jambo hilo bila mmoja wetu kugeuza uso.

La pili ni kitabu cha posho. Serikali ya Ayalandi ilitoa posho ya watoto tangu 1944, lakini kisheria mpokeaji alikuwa baba. Baba angeweza kumruhusu mama akachukue. Wa kwetu hakumruhusu. Jumanne ya kwanza ya mwezi alikwenda posta mwenyewe na kitabu chake, na kati ya posta na nyumbani zilikuwepo baa nne. Mwaka 1974 sheria ikabadilishwa, posho ikawa ya mama. Nilikuwa na miaka 17. Siku ya kwanza mama alivaa koti la Misa na kofia, akapaka rangi ya mdomo ambayo sikujua anayo, akaniambia tufuatane. Pale dirishani mkono wake ulitetemeka akitia sahihi. Alihesabu zile noti mara mbili, akazitia kwenye pochi, pochi akaitia ndani ya nguo. Tukaenda moja kwa moja kununua viatu vya wadogo wawili. Viatu vipya, ambavyo hakuna mguu uliowahi kuingia. Mwenye duka aliuliza kama atalipa kidogo kidogo kama kawaida, na mama akasema hapana.

Baba alipiga kelele usiku ule. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza, akasema, "Si mimi, ni sheria." Hakuwahi kuwa na jibu la namna hiyo kabla.

Ndiyo maana tarehe 1 Machi 2017, Tanzania ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, nilifurahi waziwazi. Niliwasikia watu wakisema mlevi atatafuta kingine. Ni kweli, atatafuta. Lakini mimi nimeishi ndani ya siku moja kwa mwaka iliyotengenezwa na sheria, na siku hiyo moja ndiyo iliyonijulisha baba yangu ni nani.

Utoto wa namna ile hauishi ukishahama nyumba. Mwaka wa tatu wa ndoa yangu, mume wangu alikwenda Himo akaahidi kurudi saa kumi na mbili. Saa mbili usiku hajafika. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumwona na glasi ya pombe mkononi. Alipoingia alinikuta sebuleni gizani, Neema mgongoni, begi la nguo za watoto limefungwa, pesa zimeshonwa kwenye pindo la gauni. "Mama Neema," akasema, "gurudumu lilipasuka tu." Nilikuwa nimesikiliza hatua zake kutoka getini. Mpaka leo, karibu miaka 40, akichelewa hupiga simu. Hajawahi kuniuliza kwa nini nahitaji simu hiyo.

Yule mama wa jumuiya nilimfuata nyumbani siku mbili baadaye. Nilimweleza yote, tukiwa jikoni, yeye akipepeta mchele na hakuinua macho. Sikumwambia avumilie, wala sikumwambia aondoke; hayo ni yake. Nilimwambia pesa ya shule isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja, iende kikundi cha vikoba siku ile ile. Nilimwambia siku mumewe akitaka kuacha, asimfungie chumbani kama wengine wanavyofanya, ampeleke hospitali kwanza. Nilimwambia binti yake mkubwa asitumwe kilabuni kumwita baba, hata mara moja, hata kama hakuna maziwa. Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe walikutuma?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini.

Mdogo wangu mmoja wa kiume, mtoto wa tano kati yetu, alianza kunywa akiwa na miaka 15, ingawa siku ya Kipaimara aliapa pamoja na wenzake wote kutogusa pombe mpaka awe na miaka 21. Aliacha mwaka 1994. Anahudhuria vikundi vya AA, ambako wanaotaka kuacha hukaa pamoja na kusimuliana; kikundi cha kwanza Ulaya kilianzia mjini kwetu, mwaka 1946. Mpaka leo bado anahudhuria.

Mwaka 2018 sheria ya Ijumaa Kuu ilifutwa, na tarehe 30 Machi baa za Dublin zilifunguliwa kama siku nyingine. Jioni ile mdogo wangu alinipigia simu. Nilikuwa nimetoka kwenye Njia ya Msalaba, sijavua hata viatu. Nilimwuliza yuko wapi, nikiwa nimeshaanza kuogopa. Sauti ilikuwa inakatika kwa upepo. Akasema yuko ukutani, amekaribia mnara. Amekuja na wajukuu zake wawili. Nikamwuliza kama kuna meli. Akasema ipo moja imetia nanga, ya makontena, imekaa chini sana majini.

"Imejaa," nikamwambia.

"Imejaa," akasema. Kisha akamwita mmoja wa watoto aje aangalie maji yamefika wapi.